Sisi Tuliopewa Dawa Nyekundu

Jioni gari la hospitali lilipoingia kwetu, mama alikuwa akikamua ng'ombe na mimi nilikuwa juu kwenye chai. Niliiona ile Landrova nyeupe ikipanda polepole kwenye utelezi wa baada ya mvua, na ilipokata kona ya kuja kwetu badala ya kuendelea hadi kanisani, niliacha kuchuma. Niliketi katikati ya mistari ya chai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Kwa sisi wa vijiji vya Silibwet, wakati huo, gari la hospitali halikuja nyumbani kwa mtu kumsalimia. Lilikuja kurudisha maiti.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nachuma chai ya nyumbani na kuipeleka kituoni kabla lori la kiwanda halijafika. Nilikuwa mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililowashinda watu kuelewa baadaye. Nilikuwa mzima kabisa, nabeba kikapu kilichojaa na kupanda nacho mlima huku nikiongea.

Aliyeshuka garini alikuwa daktari mwanamke, bado kijana, amevaa gambuti na koti la mvua. Aliuliza kama hapa ndipo kwetu, akanitaja kwa jina langu la ubatizo na la baba, kama mwalimu anayeita wanafunzi. Nilishuka nikasimama nyuma ya mama. Mama alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi, na hakumkaribisha mgeni aketi. Sikuwahi kumwona akimfanyia mtu hivyo, kabla ya hapo wala baadaye.

"Huyu alipona," mama alisema. "Mlituambia nyinyi wenyewe amepona. Sasa mnamtafutia nini?"

"Mama, namtafuta kwa sababu alipona," daktari alijibu.

Hapo ni lazima nirudi nyuma kidogo.

Nikiwa darasa la kwanza taya langu la kushoto lilivimba. Meno yalilegea moja baada ya jingine, hata yale mapya yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaota. Walidhani ni jino bovu, likang'olewa, na uvimbe ukazidi kukua mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Katika hospitali ya misheni walisema ni saratani, aina ile inayoshika watoto, wakaanza kunichoma sindano. Uvimbe uliyeyuka upesi hivi kwamba mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Baada ya miezi kadhaa ukarudi, safari hii tumboni. Ndipo nikapewa dawa nyekundu.

Ilikuwa nyekundu kweli, ndani ya bomba la sindano, nyekundu ya kung'aa, na muuguzi aliyeichoma alivaa glavu na kunishika mkono kwa nguvu nisije nikautingisha. Mkojo wangu siku hiyo ulitoka mwekundu pia. Nililia nikidhani ni damu na kwamba sasa ndio nakufa. Kitanda cha jirani kulikuwa na msichana wa umri wangu, binti wa watu wenye duka la nguo kule Sotik, waliokuwa wamehamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya. Alishuka kitandani, akavuta mkebe wake uvunguni, akanionyesha. Wake ulikuwa mwekundu zaidi. Alicheka, nami nikaacha kulia.

Mimi nilijua Kikipsigis tu na yeye alijua Kikikuyu tu. Kiswahili tulijifunzia pale wodini, kwa wauguzi na kwa wafagiaji, tukikijaribu kila mmoja kwa mwenzake. Maneno yetu ya kwanza yalikuwa sindano, kutapika, maji, kesho. Watoto wengi waliolala katika wodi ile hawakutoka. Sisi tulitoka, nywele zikaota tena, na kila mmoja akarudi kwao.

Sasa daktari alikuwa amesimama kwenye ua wetu akijaribu kueleza. Alisema dawa ile ilikuwa kali, na kwamba zamani hakuna mtoto aliyeishi baada yake muda wa kutosha mtu akajua ilimwachia nini mwilini. Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuishi. Katika nchi nyingine walikuwa wameanza kuona kwamba baadhi ya waliopewa dawa hiyo, wakishakuwa watu wazima, moyo huchoka kabla ya wakati wake. Alikuwa amepata fedha za wafadhili kutoka ng'ambo, za miaka michache, za kututafuta popote tulipo na kutupima kila mwaka. Hakuwa na dawa yoyote ya kutupa. Alitaka kutuangalia tu.

Mama alirudia maneno hayo mawili, kuangalia tu, kwa sauti ya chini, kisha akaingia jikoni na maziwa yake.

Daktari alipoondoka, mama aliniambia nisiende. Hakuwa na hasira. Aliogopa kwamba ukienda kugonga mlango wa kitu kilichokuacha, kinaweza kukumbuka jina lako. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya chai upande wa Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, ndiye aliyesema niende. Alisema watu wale walinirudisha nikiwa hai, na kama wanaomba siku moja ya mwaka, wapewe.

Tulikutana Agosti, katika chumba cha mikutano nyuma ya hospitali. Sikujua tulikuwa wengi hivyo. Kulikuwa na vijana wa Bomet na Litein, mwalimu mmoja, wachumaji wa kampuni, askari wa magereza aliyekuja na sare. Tulitazamana mataya. Kila mtu alitafuta kwa mwenzake ile alama, upande mmoja ulioingia ndani kidogo au jicho lililokaa chini. Halafu nikasikia mtu akicheka nyuma yangu, nikajua kabla sijageuka.

Alikuwa mrefu kunipita, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Alikuwa akifanya kazi na mama yake dukani Sotik, upande mmoja vitambaa, upande mwingine cherehani. Tulishikana mikono hatukuachana mpaka tulipoitwa.

Mashine ya kupimia moyo iliazimwa Nairobi. Ilikuja ndani ya gari ikiwa imefungwa mablanketi kama mgonjwa. Ulilala kwa ubavu, ukapakwa kitu cha baridi kifuani, na kwenye kioo ukauona moyo wako mwenyewe, kivuli cha kijivu kikifumba na kufumbua kama kiganja cha mtu anayekamua. Niliutazama wangu kwa aibu, kama kwamba nimemchungulia mtu. Daktari alipima, akaandika, akaniambia niinuke.

Rafiki yangu aliingia baada yangu, na kwa kuwa tulikuwa marafiki niliachwa nikae. Daktari aliweka kile chombo, akatazama, akakisogeza, akatazama tena. Alikuwa na desturi ya kuongea akipima, anauliza habari za mvua na za bonasi ya chai. Kwa rafiki yangu alinyamaza. Chai aliyoletewa ilipata utando juu na hakuigusa. Rafiki yangu alikuwa akinitazama mimi, si kioo, na mimi nilikuwa nikitazama uso wa daktari.

Mwisho alituweka sisi wawili chini. Alisema misuli ya moyo wa rafiki yangu inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko inavyotakiwa, na wangu uko mpakani. Kwa sasa hatungesikia chochote. Inawezekana tusisikie chochote maisha yetu yote. Lakini tuliopewa dawa nyekundu kwa wingi, hasa wanawake, tulipaswa kujua jambo moja: mimba ni mzigo kwa moyo. Ikitokea, tusikae nyumbani tukahesabu miezi kama wanawake wengine. Tuje hospitali mwezi huo huo.

Tulipotoka nje rafiki yangu alisema hana hata mchumba, basi moyo wake unaweza kupumzika. Tulicheka. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya misitu upande wa Kericho, yale meusi ya chini yanayoleta mvua ya mawe, na watu waliokuwa barabarani walikuwa wakikimbilia barazani. Nakumbuka sikutaka kukimbia. Nilitembea nikiusikiliza moyo wangu, na tangu siku hiyo sikuwahi kuacha kuusikiliza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kadhaa. Kila Agosti tulikuja, na sisi wawili tuliitwa tena Desemba. Mwaka ambao watu walichomewa nyumba kwa sababu ya kabila na familia nyingi za wafanyabiashara zikahama, duka la Sotik lilifungwa na wenyewe wakaenda Nakuru kwa ndugu. Rafiki yangu hakuja. Daktari aliwasha gari akamfuata huko Nakuru, akiuliza kanisa kwa kanisa, mpaka akampata. Mara nyingine watu huniuliza fedha za utafiti hufanya kazi gani, kwa maana hawaoni jengo wala dawa. Mimi huwaambia kwamba zilitia mafuta kwenye gari lile. Zilimlipa mtu wa kuuliza yule msichana yuko wapi.

Familia ile ilirudi Sotik mambo yalipotulia, wakafungua tena duka. Mimi niliolewa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kupoza maziwa, mtu wa maneno machache, na nilimweleza kila kitu kabla ya posa. Aliuliza swali moja tu, kama inauma. Nikamwambia hapana. Mama mkwe ndiye aliyepata shida. Hakuelewa kwa nini mke mzima anaenda hospitali kila mwaka na kurudi bila dawa, na siku moja, tukichambua mboga, aliniuliza taratibu kama kuna kitu nyumba yao haijaambiwa. Niliendelea kuchambua. Ugonjwa una jina na mtu anaweza kuuelewa. Mimi nilikuwa na kitu ambacho labda kingekuja na labda kisingekuja, na hakuna lugha niliyoijua iliyokuwa na neno la hali hiyo.

Kisha wakaja wafadhili wenyewe.

Walikuwa wageni wawili kutoka ng'ambo na mwenyeji mmoja wa ofisi yao ya Nairobi, aliyevaa suti na kutafsiri. Daktari alikuwa ametuomba baadhi yetu tuwepo. Alikuwa amepiga pasi koti lake jeupe. Hospitali iliwapikia kuku. Baada ya chakula walikaa nasi katika chumba kile cha mikutano, wakiwa wapole, wakiuliza hali zetu, shamba, watoto. Mmoja wao, mzee mwenye sauti ya upole sana, alimuuliza daktari kwa Kiingereza ni wangapi kati yetu walikuwa wamekufa tangu kazi ianze.

Daktari alisema hakuna.

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo ni habari njema. Kisha akaeleza, polepole, kwamba fedha ni chache na zinapungua. Alisema alipita wodi ya watoto asubuhi ile na kumwona mtoto mwenye uvimbe shingoni ambaye sindano zake zilikuwa zimekwisha na hakuna mwenye kununua nyingine. Alimuuliza daktari, bila ukali wowote, angemwambiaje mama wa mtoto yule kwamba kuna fedha za kuwatazama wazima kila mwaka na hakuna za kumtibu anayeumwa.

Nilikuwa nimemwona mtoto huyo pia. Sote tulikuwa tumemwona. Daktari alisema kwamba hajui kinachokuja, na kwamba ndiyo maana anaangalia, kwa sababu mtoto yule naye akipona atakuwa amepewa dawa hiyo hiyo. Lakini alilisema kama mtu aliyekwisha kushindwa.

Rafiki yangu aliinua mkono. Hakuwa na Kiingereza kingi, akasema kwa Kiswahili.

"Mtoto yule apewe dawa. Sisi wenyewe tulikuwa yule mtoto. Lakini mwambie huyu mzee asiseme sisi ni wazima. Aseme hajui. Na kama ataacha kutuangalia, aseme ameacha akiwa hajui."

Yule wa suti alimgeukia mzee akatafsiri. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule na nilisikia alichosema. Alisema msichana huyu anawashukuru sana, na anaomba mtoto yule asaidiwe. Mzee akatabasamu, akaweka mkono kifuani kwa heshima. Nilitaka kusimama nimrekebishe. Nilisimama kweli, nikasema kwa Kiingereza changu kwamba mwenzangu hakusema hivyo. Nikarudia maneno ya rafiki yangu jinsi nilivyoweza. Mzee alinitazama kwa muda mrefu kwa macho ya huzuni ya kweli, na nikajua kwamba amesikia, na kwamba haitabadilisha kitu.

Fedha zilikwisha mwaka uliofuata. Mashine ilirudi Nairobi na mablanketi yake. Daktari alikaa miezi kadhaa akitupima kwa kusikiliza kifua tu, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo, akisema huko huenda akapata watu wengine wa kuwaomba. Kabla hajaenda alifika kwangu. Mama mkwe alimpikia chai akakaa nasi. Daktari alinikumbusha yale aliyokwisha kunifundisha: miguu ikivimba, pumzi ikikatika kwa kazi ndogo, nikishindwa kulala chali, kikohozi kisichoisha. Alinifanya niyarudie kwa sauti mbele ya mume wangu. Aliniambia ameshapita Sotik na kufanya vile vile.

Sijui kama Sotik walisikiliza, au kama walisikiliza wakasahau. Mtu husahau akiwa na furaha. Rafiki yangu alikuwa amepata mchumba, kijana wa hardware, duka la vifaa vya ujenzi, wakafunga ndoa kanisani na gauni alilishona mwenyewe. Alipata mimba mapema. Tulikuwa tumeona daktari mpya hospitalini, kijana mwenye wagonjwa wengi, ambaye hakujua habari zetu, na rafiki yangu akaona aende tu zahanati ya pale mjini kama wanawake wote.

Nilienda kumwona mimba ikiwa kubwa. Nilikuwa na siri yangu pia. Nilikuwa nimekosa siku zangu kwa mwezi wa pili, na nilitaka kumwambia yeye kabla ya mtu mwingine. Nilimkuta nyuma ya duka ameketi juu ya marobota ya vitambaa, ameegemea ukuta, viatu vimewekwa pembeni kwa sababu havikuingia. Nilipomkumbatia nilisikia kifua chake kikitoa sauti ya maji. Alikuwa akizungumza na kusimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi, akitabasamu, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo aendelee.

Nilimuuliza analalaje. Akasema hapo hapo, ameketi, mtoto amekaa vibaya. Siri yangu nikaiweka.

Nilimwita mama yake pembeni, nikamwambia. Alikuwa mama mkali, mchapa kazi, aliyeanza maisha mara mbili, na alinipenda tangu enzi za wodi. Alisema yeye mwenyewe alivimba hivyo katika mimba zake zote. Nikamwambia moyo wa binti yake si kama wake. Alinitazama, na niliona hofu ikimpita usoni kisha akaifukuza. Hata hivyo kesho yake walienda hospitali. Walihudumiwa na mtu mpole aliyesikia kikohozi akaandika dawa za kifua, akaona miguu akasema apunguze chumvi. Hakukosea kwa alichokiona. Alimwona mwanamke mjamzito mwenye kikohozi. Hakukuwa tena na mtu pale wa kumwambia kwamba mwanamke huyu, akiwa mtoto, alichomwa dawa nyekundu.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Walinitumia habari na nikaanza kupanga safari. Kabla sijaondoka ikaja habari ya pili. Aliinuka asubuhi kumnyonyesha mtoto, akasema anaona chumba kimejaa maji, akaegemea nyuma. Hakufika hata garini.

Nilizika rafiki yangu nikiwa na mimba ambayo mume wangu tu ndiye aliyeijua. Walipokuwa wakiimba, nilikuwa nikihesabu pumzi zangu. Nilikuwa nalia kama wengine, lakini ndani yangu kulikuwa na sehemu ambayo haikulia, iliyokuwa ikisikiliza tu. Udongo wa Sotik ulikuwa umelowa na kushikamana na majembe, na kila aliponijia mtu kunishika mkono nilifikiri: anajua? Anaiona usoni mwangu?

Miezi iliyofuata sitaisimulia yote. Nilienda hospitali wiki ile ile na kumwambia yule daktari mpya kila kitu, nikiwa nimesimama kwa sababu niliogopa nikiketi ataniona mtulivu. Kwa bahati alisikiliza. Alinituma Eldoret kwenye mashine, tukauza ng'ombe wa maziwa ili nifike huko na kurudi. Moyo wangu ulikuwa umeshuka chini ya ule mpaka. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nisiguse chai wala ndoo ya maji, na kuanzia mwezi wa saba nililazwa.

Nililala katika wodi ya wanawake, mito mitatu mgongoni, nikiitazama mvua ya mawe ikishuka kila alasiri juu ya mabati. Kila asubuhi nilibonyeza kifundo cha mguu wangu kwa kidole na kusubiri kuona kama shimo litabaki. Kuna asubuhi lilibaki. Mama alikuwa akija na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu, anakaa kando yangu. Siku moja alisema, akitazama dirishani, kwamba siku ile ya gari alitamani daktari apotee njia. Kisha akasema sasa anatamani arudi.

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji kabla ya siku zake, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mimi niliendelea kuvuta pumzi. Vidonge nilivinywa tangu hapo na bado navinywa, na niliambiwa nisijaribu tena kuzaa. Mume wangu alilipokea hilo kama alivyopokea yote, akaenda kazini.

Daktari wetu alirudi miaka ya tisini ikielekea kwisha, akiwa na mvi kidogo ambazo hakwenda nazo. Alikuwa amesikia. Alikaa jikoni kwangu. Alikuwa ameandika maombi upya, kwa wafadhili wengine, na safari hii walikuwa wamekubali. Si fedha nyingi, na si za muda mrefu, lakini mashine ingekuja. Sikumuuliza kwa nini walikubali sasa. Alikuwa na kifo cha kuwaonyesha, na aliona kwamba najua. Aliuliza kama ningekubali kufuatana naye kuwatafuta wale wengine, kwa kuwa watu wangepunguza kumwogopa wakiniona mimi. Nilikubali. Tulipowazungukia tulikuta askari wa magereza ameshakufa. Mkewe alisema alianguka akikata kuni, na watu walisema amerogwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Sotik. Nilimwomba daktari anisubiri garini, nikaingia dukani peke yangu. Mama mwenye duka alikuwa amezeeka mikononi, uso bado ule ule. Mtoto wa rafiki yangu alikuwa ameketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, anavipanga kwa rangi, na alipocheka nilikisikia kile kicheko cha wodini.

Nilimwambia bibi yake kwamba tumeanza tena, na kwamba daktari yuko nje, angependa kumsalimia kama ataruhusu. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na huyu?" aliuliza, bila kumtazama mtoto. "Alikuwa tumboni, chini ya moyo ule. Kuna kitu amechukua?"

"Daktari anasema hapana, mama."

"Anasema, au anajua?"

Nilitaka sana kumpa jibu lile jingine. Mtoto alikuwa amepata kipande chekundu na alikuwa akitafuta pa kukiweka.

"Anasema," nilimwambia. "Bado hakuna aliyewaangalia watoto wetu muda wa kutosha."

Alimwinua mtoto kutoka sakafuni, akamfuta vumbi magotini, akamvalisha sweta na kumfunga vifungo mpaka shingoni, ingawa kulikuwa na jua. Akanipa mkono wake mdogo niushike.

"Basi mwambie aanze na huyu," alisema.